Kitabu cha Genowefa

Akiba haiozi, husema wasemao.
Ya Genowefa iliozea ndani ya droo,
imekunjwa vizuri, ina mihuri yote.

Alikuwa na miaka kumi na tisa
alipopata zamu ya usiku kiwanda cha pamba, Lodz,
mitambo mia mbili ikinguruma kwa pamoja
hata wasichana wakajifunza kusoma midomo.
Kila mwisho wa mwezi alipita benki,
na karani mwenye kidole cheusi kwa wino
alimgongea kitabu: pap.
Motokaa ndogo, alisema, ya rangi ya krimu.
Foleni ni miaka tu,
na miaka ninayo.

Thelathini. Mume mmoja, mtoto mmoja.
Mume akaenda zake, mtoto akabaki.
Viatu vya mtoto vilikula mwezi wa tatu,
meno ya mtoto yakala wa tisa,
lakini kitabu hakikukosa muhuri,
hata miaka ile nyama ilipokuwa kwa kadi.

Kisha bei zikaanza kuamka kabla ya watu.
Mkate wa jioni haukumtambua tena mkate wa asubuhi.
Alipotoa kitabu chake cha miaka ishirini
kilitosha jozi moja ya viatu vya baridi.
Akavinunua. Ungefanyaje?
Alivivaa majira kumi na moja,
na kila alipoteleza kwenye barafu alicheka peke yake:
polepole, mama, umekanyaga motokaa.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Methali haikuuliza kibaba kimeshikwa na nani.

Kiwanda kikafungwa siku ya Jumanne.
Akauza soksi sokoni kwa Bwana Wrona,
aliyemlipa mkononi, bila karatasi,
naye akafurahi: pesa nzima, haijakatwa!
Ukiwa na arobaini na tatu hujui bado
kwamba pesa isiyokatwa leo
itakuja kukukata wewe.

Miaka sitini, ofisi ya pensheni, dirisha namba nne.
Kijana akapekua, akapekua tena.
Mama, hapa pana shimo. Miaka sita.
Na orodha za mishahara za kiwanda?
Maji yaliingia ghalani, mama.
Genowefa alikuwa mfumaji, shimo analijua,
halizibwi kwa kusikitika.
Akatia sahihi penye kalamu ya risasi
akapanda tramu, akashuka kituo kimoja mapema
ili atembee.

Sasa ana sabini na moja, meza imejaa mitungi ya matango,
naye anaandika mwaka juu ya kila kifuniko.
Jagoda, mjukuu, amepata mshahara wa kwanza,
kazi ya kupanga ratiba za tramu.
Simu yake inauliza: asilimia mbili kila mwezi
kwa ajili ya uzee. Ndiyo au hapana?
Bibi, nikatae? Hizo ni kahawa zangu zote.
Na wewe si ndiye uliyevaa motokaa?

Genowefa akamaliza kifuniko. Akamaliza na kingine.
Jagoda akaanza kupeleka kidole kwenye hapana.

Weka, akasema bibi.
Weka?
Mimi sikuibiwa na kuweka. Niliibiwa na kutouliza.
Weka, halafu uwaulize kila mwaka, uwachoshe.
Na kila hati ya mshahara uichapishe,
simu haijawahi kusimama na mtu dirisha namba nne.
Na usiache yote mahali pamoja.
Akamsogezea mtungi. Hii pia ni pensheni.
Ya zamani huliwa kwanza.

Karatasi nitazitia wapi?
Genowefa akashusha kopo la biskuti juu ya kabati
akalipindua: vifungo vya nusu karne,
vyeupe, vya kijani, vya krimu,
vikakimbilia ukingo wa meza,
wakavizuia kwa mikono minne.
Kimoja kikaponyoka, kikaingia chini ya jiko.
Jagoda akapiga magoti.

Acha, alisema Genowefa.
Huwa kinapotea kimoja.